Ardhi ya Bagamoyo: Nani mwenye kauli ya mwisho?

MJI wa Bagamoyo uliishi kwa biashara moja, nayo ikaondoka. Katika karne ya 19 ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara, na baadaye Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Mwaka 1891 makao hayo yalihamishiwa Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina cha kutosha kwa meli kubwa. Bagamoyo ikabaki na majengo ya mawe, mashamba ya minazi na uvuvi.

Miji iliyojengwa juu ya mgodi hupatwa na yaleyale madini yanapokwisha. Wakubwa huondoka, wenyeji hubaki na ardhi. Miaka inapopita anatokea mwekezaji mpya, na hapo ndipo huulizwa iwapo waliobaki watakuwa washirika au watalipwa fidia na kuondoka.

Kwa Tanzania, jibu la kisheria liko katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, lakini imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Hii ya tatu husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye sauti.

Sauti hiyo ina mpaka wake. Rais akitaka ardhi ya kijiji ihamishiwe kwenye ardhi ya jumla ili apewe mwekezaji, mkutano mkuu una mamlaka ya kukubali au kukataa iwapo eneo halifiki hekta 250. Likizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Kwa maneno mengine, kijiji kina kauli juu ya shamba dogo na kinabaki mshauri tu eneo likiwa kubwa, na ni mara chache mwekezaji wa kweli kutaka eneo dogo.

Yako pia makundi ambayo sheria hiyo haiwagusi kabisa. Kati ya mito Ruvu na Wami, katika eneo la Makurunge, miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilianzisha ranchi ya ng'ombe iliyojulikana kama Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Ranchi ilipokufa, watu waliishi humo, wakalima na kuchoma mkaa. Mradi wa miwa wa kampuni ya Kiswidi ya EcoEnergy ulipokuja, watu hao hawakuhesabiwa kuwa wanakijiji wenye ardhi, kwa kuwa kwenye makaratasi eneo halikuwa la kijiji.

Mwaka 2013 kampuni hiyo ilipata hati ya zaidi ya hekta 20,000. Serikali ilikuwa ipate hisa katika mradi kwa kutoa ardhi badala ya fedha. Wazo hilo halikuwa baya hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba hisa zilikuwa za Serikali Kuu, si za vijiji. Wakulima wadogo wa jirani walitakiwa kuunda kampuni zao na kukopa ili walime miwa na kukiuzia kiwanda, mpango ambao shirika la ActionAid liliukosoa mwaka 2015 kwa kuwatwisha madeni makubwa. Mradi ulifutwa mwaka 2016. Sehemu ya eneo, kiasi cha hekta 10,000, ikapewa kampuni ya Bakhresa, ambayo sasa ina kiwanda cha sukari hapo. EcoEnergy nayo ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa na mwaka 2022 ikaamriwa ilipwe zaidi ya dola milioni 160. Mwekezaji alikuwa na baraza la kumsikiliza nje ya nchi. Mchoma mkaa wa Razaba hakuwa nalo.

Kusini mwa mji, huko Mbegani, hadithi ni ya bandari. Makubaliano ya awali na Wachina yalitiwa saini Machi 2013, Oman ikajiunga, na Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa masharti hadharani, likiwamo la kukodisha eneo kwa miaka 99. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mwaka 2021 kuwa mazungumzo yatafufuliwa.

Huku wakubwa wakijadiliana, wakazi wa Zinga, Pande na Mlingotini walikuwa ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili ya ukanda maalumu wa kiuchumi. Mlingotini ni kijiji cha wavuvi na cha wanawake wanaolima mwani. Kanuni za fidia za mwaka 2001 hupima ardhi, nyumba na mazao, na huongeza posho za usumbufu na usafiri. Faida iliyopotea hulipwa kwa miezi 36, lakini kwa kufuata hesabu za biashara zilizokaguliwa. Mama wa mwani ana kamba, vigingi na maji kupwa. Hesabu zilizokaguliwa atazitoa wapi? Wala bahari yenyewe haina hati.

Kaskazini zaidi, Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha pwani cha kijiji cha Saadani, wamedai kwa miaka mingi kuwa walikubali uhifadhi tangu miaka ya 1960 kwa ahadi kwamba makazi yao yataheshimiwa, na kwamba mipaka ya hifadhi iliwameza baadaye.

Kwingineko duniani wenyeji wamepata mkataba tofauti. Jabiru, kaskazini mwa Australia, ulikuwa mji wa mgodi wa urani wa Ranger, uliosimamisha uzalishaji Januari 2021. Juni mwaka huohuo ardhi ya mji ilirejeshwa kwa Wamirarr, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na taasisi yao ikapewa upangaji wa miaka 99 ili yenyewe ndiyo ipangishe nyumba, ofisi na hoteli. Watalii wa Kakadu ndio wanaotegemewa kuchukua nafasi ya urani. Miaka 99 hiyohiyo, ila mkononi mwa mwingine.

Tanzania iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Wenyeji wa Asili mwaka 2007, ambalo Australia ililipinga wakati huo. Ndani ya nchi, hata hivyo, Mkwere, Mzaramo au Mdoe wa Bagamoyo hana haki za ziada kwa asili yake. Haki yake hutoka kwenye uanachama wa kijiji. Kijiji kikigeuzwa kuwa mtaa wa mji, mkutano mkuu hupoteza mamlaka juu ya ardhi, na mji wa Bagamoyo unazidi kupanuka kuelekea Dar es Salaam.