Mwamuzi Alituibia, Au Tulijiibia Wenyewe?

Bila shaka, msomaji, umewahi kuyasikia haya nyumbani kwako jioni ya Jumapili. Baba amekaa mbele ya runinga, timu yake imefungwa mabao mawili kwa moja, naye hataki hata chai. "Refa huyu amenunuliwa!" anafoka. Kijana wake wa kidato cha pili anamjibu kwa upole, "Lakini baba, hata video imeonyesha kwamba alikuwa ameotea." Baba anamkata kauli, "Basi na hiyo video imenunuliwa pia!" Mama aliye jikoni anacheka peke yake. Yeye anakumbuka kwamba wachezaji wa timu hiyo hiyo walibaki na kipa peke yake mara nne, na mara zote nne wakapiga mpira nje.

Ukidhani ugomvi huu ni wa nyumba za Nairobi, Mombasa na Kisumu peke yake, umekosea. Huko Marekani mashabiki wa besiboli wamegombana na waamuzi wao tangu enzi za mababu. Katika msimu wa mwaka 2026 ligi yao kuu imeamua kuleta mtambo wa kumsahihisha mwamuzi papo hapo uwanjani, na ugomvi umechukua sura mpya. Hebu tufunge safari hadi huko, kwani visa vyao vina funzo kwetu sisi tunaokesha tukimlaani refa.

Mchezo Wenyewe

Ikiwa unaifahamu kriketi, nusu ya safari umeimaliza. Katika besiboli mrushaji humrushia mpira mpigaji aliyeshika rungu. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, na nyuma ya mdakaji amesimama mwamuzi. Mbele ya mwamuzi huyo kuna sanduku lisiloonekana kwa macho. Upana wake ni wa kile kibao cheupe kilicho chini, yaani sentimita 43, na kimo chake hutegemea urefu wa mpigaji. Mpira ukipita ndani ya sanduku hilo na mpigaji asiuguse, hiyo ni straiki. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Mpira ukipita nje ya sanduku mara nne bila yeye kuupigia, anaruhusiwa kwenda kituo cha kwanza bila jasho. Akiupiga, lazima akimbie afike kituoni kabla ya mpira. Akivizunguka vituo vyote na kurudi alikoanza, timu yake inapata alama moja.

Sasa fikiria. Mpira huo huweza kuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na wakati mwingine hupinda njiani. Huchukua chini ya nusu sekunde kufika. Katika muda huo mwamuzi anatakiwa aseme umepita ndani au nje, huku maelfu ya watu wakimzomea. Je, wewe ungeweza?

Kidonda Cha St. Louis

Kisa cha kwanza ni cha tarehe 26 Oktoba, 1985. St. Louis Cardinals walikuwa wakicheza fainali dhidi ya Kansas City Royals. Fainali hiyo huwa ya mechi saba, na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Cardinals walikuwa wameshinda tatu, na katika mechi ya sita walikuwa wakiongoza kwa alama 1 kwa 0. Ilibaki zamu moja tu ya Royals kupiga.

Mpigaji wa kwanza wa Royals, Jorge Orta, aliupiga mpira ukaviringika chini. Ukaokotwa, ukapelekwa kituo cha kwanza, na kila aliyetazama runinga aliona kwamba mpira ulimtangulia. Lakini mwamuzi Don Denkinger akasema amefika salama. Kufikia mwisho wa zamu ile Royals walikuwa wamepata alama 2. Kesho yake wakashinda mechi ya saba kwa alama 11 kwa 0, wakatwaa ubingwa.

Huko St. Louis moto uliwaka. Watangazaji wa redio walitaja hewani nambari ya simu ya Denkinger na mahali anapoishi. Alipokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, wakakua, nao wakafundishwa na wazee wao kulichukia jina la mtu ambaye hawakumwona hata siku moja akiamua mechi.

Hakuna anayepinga kwamba Denkinger alikosea. Mwenyewe alikubali. Lakini hebu tukague yale ambayo mashabiki hawapendi kuyataja. Baada ya Orta kupewa kituo asichostahili, mpigaji aliyefuata aliurusha mpira juu, mpira rahisi wa kudaka, na mlinzi wa Cardinals akauacha uanguke. Mpigaji huyo akapata nafasi ya pili, akaitumia vizuri. Punde si punde Orta mwenyewe, yule aliyeleta maneno yote, akatolewa katika kituo cha tatu! Kisha mdakaji wa Cardinals akaponyokwa na mpira, na wakimbiaji wa Royals wakasogea mbele bure bilashi. Hapo ndipo alama zile mbili zilipopatikana.

Ajabu ni kwamba hata hayo yote si kitu ukilinganisha na hesabu ya fainali nzima. Katika mechi saba Cardinals walipata alama 13 tu, ilhali Royals walipata 28. Katika mechi tatu za mwisho Cardinals walipata alama 2 kwa jumla. Na ule mvua wa alama 11 kwa 0, je, nao ni wa Denkinger? Siku hiyo mrushaji wao hodari, John Tudor, alitolewa mapema akiwa na hasira, akaipiga ngumi feni ya umeme chumbani, akajikata mkono. Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Hawakuijua feni, lakini walimjua Tudor.

Machozi Ya Detroit

Kisa cha pili ni cha tarehe 2 Juni, 2010, mjini Detroit. Katika besiboli ili kumaliza mechi lazima uwatoe wapigaji 27. Mrushaji akiwatoa wote 27 bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, hiyo huitwa mechi kamilifu. Tangu ligi ianze zimechezwa mechi zaidi ya 200,000, na kufikia siku hiyo zilikuwa zimepatikana mechi kamilifu 20 tu.

Armando Galarraga, kijana kutoka Venezuela, alikuwa akiirushia Detroit Tigers dhidi ya Cleveland. Alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji 26. Wa 27 akaupiga mpira chini, mpira ukaokotwa, Galarraga mwenyewe akakimbia kuupokea kituoni. Alifika. Aliupokea. Mkimbiaji alikuwa bado hatua moja nyuma. Lakini mwamuzi Jim Joyce akanyoosha mikono: salama!

Galarraga hakutukana wala hakutupa kofia. Alitabasamu tu, kama mtu asiyeamini, akarudi mahali pake akamtoa mpigaji aliyefuata. Timu yake ilishinda 3 kwa 0, lakini mechi kamilifu ilikuwa imepotea.

Baada ya mechi Joyce aliitazama video, akaona alichokifanya. Hakujificha. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba amemkosesha kijana yule mechi yake, akaomba aonane naye, akamkumbatia na kumwomba msamaha huku akilia. Galarraga alimsamehe. Kesho yake Joyce alikuwa zamu nyuma ya mdakaji katika uwanja ule ule. Tigers walimtuma Galarraga ampelekee orodha ya wachezaji kabla mechi haijaanza. Mwamuzi yule, mtu mzima mwenye zaidi ya miaka 20 kazini, alishindwa kuyazuia machozi mbele ya umati. Kosa moja haliachi mke, na Galarraga alilielewa hilo bila kufundishwa Kiswahili.

Wakati huo video iliruhusiwa kwa mambo machache tu, tangu mwaka 2008, na mambo ya kituo cha kwanza hayakuwamo. Mwaka 2014 ligi iliipanua sheria hiyo. Makosa kama ya Denkinger na Joyce yakawa yanasahihishwa. Lakini lile sanduku lisiloonekana likabaki mikononi mwa mwamuzi peke yake.

Mtambo Umefika

Sasa hata hilo limeguswa. Mtambo wenyewe hutumia kamera 12 za Hawk-Eye, yaani jicho la mwewe, lile lile ambalo wapenzi wa kriketi na tenisi wamelizoea kwa miaka mingi. Kila mpigaji hupimwa urefu. Chini ya sanduku lake ni asilimia 27 ya urefu huo, na juu ni asilimia 53.5. Kwa hiyo José Altuve, mwenye urefu wa sentimita kama 168, sanduku lake huanzia kama sentimita 45 hadi 90 kutoka chini. Jitu kama Aaron Judge, lenye mita 2, lake huanzia 54 hadi 107.

Hata hivyo mwamuzi hakufukuzwa kazi. Yeye ndiye bado anayeamua kwanza. Mpigaji, mrushaji au mdakaji asiporidhika, hujigusa kofia mara moja, na picha ya mpira ulivyopita huonyeshwa kwenye skrini kubwa, watu wote wakaona. Kila timu huanza na rufaa 2. Ukishinda, rufaa yako unabaki nayo. Ukishindwa, umeipoteza. Kocha haruhusiwi kukata rufaa, wala mtu wa benchi hawezi kumkonyeza mchezaji.

Mashabiki wamegawanyika makundi mawili. Kuna wasemao kwamba haki ni haki, na kama kamera inaona, kwa nini tumtegemee mzee aliyechutama? Wengine wanasema ubinadamu wa mwamuzi ni sehemu ya mchezo, na kwamba ufundi wa mdakaji wa kuuvuta mpira kidogo ili uonekane umepita ndani utakufa. Kila mmoja ana hoja, ingawa mwamba ngoma huvutia kwake, na kundi analojiunga nalo shabiki mara nyingi hutegemea kama timu yake ilishinda jana.

Lakini mimi nimevutiwa zaidi na hesabu moja. Mtambo huu ulipojaribiwa katika mechi za maandalizi za mwaka 2025, rufaa zilizofaulu zilikuwa kama asilimia 52. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba katika kila mara 100 ambazo mchezaji alikuwa na hakika kwamba mwamuzi amemwonea, karibu mara 48 mwamuzi ndiye aliyekuwa na haki. Na hao ni wachezaji waliokuwa papo hapo, mpira ukipita mbele ya pua zao! Sembuse wewe uliye juu ya kochi, ukitazama kwa macho ya mapenzi.

Mia Moja Ishirini Na Moja

Wala mtambo hauwezi kuitibu timu mbovu. Waulize mashabiki wa Chicago White Sox. Tarehe 23 Mei, 2024, wakiwa nyuma kwa alama 8 kwa 6 dhidi ya Baltimore Orioles na wakianza kuwakaribia, waamuzi walisema mkimbiaji wao amemzuia mlinzi aliyekuwa akienda kudaka mpira. Wakatolewa watu wawili kwa mpigo, mechi ikaisha. Chicago nzima ilichemka, na wengi hata nje ya Chicago waliona uamuzi ule ni wa ajabu.

Lakini msimu huo White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162, na hakuna timu ya ligi hiyo iliyowahi kupoteza nyingi hivyo katika msimu mmoja tangu mwaka 1901. Haya, tuseme mechi ile moja waliibiwa, na hata tuwarudishie ushindi wao. Zinabaki 120. Hizo nani aliziiba?

Hapa ndipo kisa hiki kinaporudi sebuleni kwako. Watoto hutusikiliza. Kijana anayemsikia mzazi akimlaumu refa kila Jumapili, atakuja na karatasi ya mtihani yenye alama 30 aseme mwalimu hampendi. Naye amefundishwa na nani? Simaanishi kwamba dhuluma haipo. Denkinger alikosea, Joyce alikosea, na palipo na kosa ni halali kulisema. Nasema tu kwamba nyani haoni kundule, na dhuluma moja hutumiwa kufunika uzembe ishirini.

Basi Jumapili ijayo jaribu hili. Chukua karatasi na kalamu, wewe na watoto wako mkae pamoja, mwandike kila nafasi ambayo timu yenu imeipoteza yenyewe. Mpira uliopigwa nje, pasi iliyopewa adui, kipa aliyetoka mapema. Kila mmoja wenu apewe rufaa mbili tu za kumlalamikia refa, na akishindwa kwa mujibu wa video, amepoteza. Filimbi ya mwisho ikilia, hesabuni.

Pengine mtakuta ni kweli mliibiwa, nanyi mtakuwa na ushahidi. Pengine mtakuta mama alikuwa na sababu ya kucheka kule jikoni. Kwa vyovyote vile, chai itanyweka ingali moto. Asiyekubali kushindwa si mshindani.