Wiki ya Jua, Daraja Mbili

Julai ya Arusha ina kiburi. Upepo wa kusi hupanda kutoka Bahari ya Hindi, ukakutana na miteremko ya Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, na unyevu wake ukageuka wingu linalokaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Mlima hauonekani, manyunyu hayaishi, nguo hazikauki. Kisha kusi hulegea na jua likawaka wiki nzima. Hapo ndipo utakapowajua watu wa Daraja Mbili.

Kata hii imejaa nyumba za kupanga: vyumba vinatazamana, ua mmoja, bomba moja. Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mpare, Mmbulu na Mrangi wanaishi mlango kwa mlango. Jua likitoka, ua hugawanywa bila kikao. Kona inayopata mwanga wa kwanza ni ya bibi aliyekuja mjini kutibiwa, na ya mama mwenye kichanga. Kijana akiketi pale na simu yake ataambiwa tu, "Mpishe bibi," naye atasogea, atasema shikamoo, yataisha.

Yasiyoisha ni ya kamba. Kila mpangaji ana nguo za siku nyingi, na blanketi moja zito humaliza nafasi ya watu watatu. Desturi inasema ukikuta nguo ya jirani imekauka, uianue, uikunje, uiweke mlangoni pake. Ukiirundika juu ya ndoo umetangaza vita. Nimewaona watu wazima wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya shuka, na sioni kama walikosea sana. Kwenye ua mmoja, heshima huonekana kwenye vitu vidogo kama hivyo.

Jua likipanda, turubai hutandikwa na mahindi humwagwa. Ni msimu wa mavuno, na wengi wana kishamba nje ya mji au wameletewa gunia kutoka kwao. Hapa hakuna utani. Mahindi mabichi yakifungiwa stoo huota ukungu, na ukungu huweza kuzaa sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa ambako baadhi ya wapangaji hawa wana ndugu. Kwa hiyo watoto hupewa kazi ya kufukuza kuku, na wingu likitokea ghafla, aliyeko nyumbani huanua ya wote, hata ya yule asiyeongea naye kwa sababu ya shuka.

Mchana waendesha bodaboda huvua yale makoti wanayoyavaa mgongo mbele. Wapangaji huoga saa nane, maji yakiwa yamepata moto juani, hivyo hita ya ndoo hupumzika na umeme wa luku hudumu.

Mgeni hudhani na usiku utakuwa mwepesi. Hapana. Wingu ndilo lililokuwa likizuia joto la ardhi lisipotee. Likiondoka, alfajiri kipimajoto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Ndiyo maana jioni watu husogelea jiko la mama wa chapati, chai ya tangawizi mkononi, sufuria ya makande ikitokota pembeni. Wazee hurudia amri moja kila mwaka: jiko la mkaa lisilale ndani. Hewa yake haina harufu, na aliyefunga dirisha kwa baridi huenda asiamke. Vijana huitikia "sawa mzee", lakini mwenye nyumba makini hupita mwenyewe akihesabu majiko yaliyobaki nje.

Wanaolalamika wiki hii ni wauza mitumba wa soko la Kilombero. Sweta zimening'inia, hakuna anayegusa, bei inateremka. Wanawake wanaojua huenda siku hizo hizo, wakachagua taratibu makoti ya watoto, maana baridi bado ipo hadi Agosti.