Washindani Waliolazimika Kukutana

Ushindani wa kampuni za intaneti haumfaidishi mteja kikamilifu iwapo mitandao ya washindani hao haijaunganishwa karibu na mteja mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoa huduma wengi wa Afrika Mashariki walitegemea setilaiti, na kila mmoja alikuwa na mkataba wake na kampuni ya ng'ambo. Kwa hiyo ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine, hata katika mji uleule, ulipanda angani, ukashukia Ulaya au Marekani, kisha ukarudi kwa njia ya namna hiyohiyo. Setilaiti hizo ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo kila safari ya kupanda na kushuka huchukua kama robo ya sekunde. Ujumbe na jibu lake, vikifanya safari nne, vilimaliza sekunde nzima, na gharama ililipwa kwa dola.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana data, yaani chumba chenye swichi ambayo kila kampuni huiunganisha kwa waya na ruta yake, ili data za ndani zisivuke mipaka. Hapo kampuni huweza kupokezana data za wateja wao bila kutozana, ilhali njia ya kuzifikia nchi nyingine huendelea kununuliwa. Kituo hufanana na mnada wa ng'ombe wa Katesh, wilayani Hanang: wauzaji hushindana, lakini uwanja ni mmoja.

Jambo hilo halikupokelewa kwa urahisi. Nchini Kenya, kituo cha KIXP kilianza kazi Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, na kikafunguliwa tena mwaka 2002. Tanzania nayo ilipata kituo cha TIX jijini Dar es Salaam, kisha AIXP mjini Arusha.

Kwa wilaya za Mbulu na Hanang, zilizokuwa ndani ya mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoundwa mwaka 2002, kituo cha Arusha kina maana ya pekee. Picha ya eksirei ikitumwa kutoka hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, kwenda kwa daktari aliyeko Arusha, haina sababu ya kupitia London. Hata hivyo, kituo chenyewe hakimfikii mkazi wa Dongobesh, pia wilayani Mbulu. Lazima pawepo minara na nyaya za kufika huko, tena kwa bei nafuu, na kampuni inayomhudumia iwe imejiunga na kituo hicho.

Kwa hiyo shule, hospitali na halmashauri zinapolinganisha bei za watoa huduma, ziulize pia kila mmoja ameunganishwa katika kituo kipi, na jibu hilo liandikwe kwenye mkataba.