Sura ya 7: Kidonge cha Lehemu na Mishipa Iliyochokozwa

Makete, wilaya ambayo makao yake makuu ni Iwawa, ilizika vijana wake waliokufa kwa UKIMWI mfululizo katika miaka ya 1990. Kwenye milima ile ya Wakinga zilibaki nyumba za bibi na wajukuu tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wa Njombe, iliko Makete, bado unaongoza mikoa yote: karibu watu wazima 13 katika kila 100 wanaishi na VVU, ilhali wastani wa nchi ni wanne na ushee. Msomaji wa haraka atasema hakuna kilichobadilika. Kumbe sehemu ya hesabu hiyo ni habari njema, kwa sababu tangu ARV, dawa za kufubaza virusi, zianze kutolewa bure mwaka 2004 WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wanaishi, na anayeishi anaendelea kuhesabiwa. Waliokuwa vijana wakati ule sasa wana miaka 50 na 60. Wanahudhuria CTC, yaani kliniki ya VVU, virusi vyao havionekani kwenye kipimo, na kinachowanyemelea ni moyo na kiharusi.

Duniani kote, mtu mwenye VVU hupatwa na maradhi hayo karibu mara mbili ya mwenzake asiye navyo. Presha, sukari na sigara havitoshi kueleza pengo hilo. Lazima tuingie kwenye inflamesheni.

Jembe likikukata mguu, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hizo ni chembe nyeupe za damu kazini. Vijidudu wakiisha, nazo hutulia. Inflamesheni inayotuhusu hapa ni ile isiyotulia. Haina homa wala maumivu. Huonekana maabara tu, kwa kupima protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza likipokea amri ya kemikali ya kinga iitwayo interlukini-6. Kwa mwenye VVU chanzo kimoja ni utumbo: virusi huangamiza chembe za kinga zilizopo pale katika majuma ya mwanzo kabisa, ukuta hubaki dhaifu, na vipande vya bakteria huendelea kupenya kwenye damu hata ARV zikifanya kazi vizuri. Jaribio la SMART, lililohusisha wagonjwa 5,472, lilitaka kuona kama dawa zinaweza kusimamishwa kwa vipindi ili mwili upumzike. Lilifungwa mwaka 2006. Waliopumzishwa walikufa zaidi, na wengi hawakufa kwa UKIMWI bali kwa maradhi mengine, ya moyo yakiwemo. Tena wenye interlukini-6 nyingi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Ukweli kwamba kuacha dawa ya virusi kunaumiza moyo uliwashtua madaktari wengi.

Sasa tuingie ndani ya ateri. Chembe za LDL, zile zinazobeba lehemu (kolesteroli) mbaya, hupenya chini ya ngozi ya ndani ya mshipa na kunasa. Zikikaa huharibika, na chembe nyeupe huja kuzimeza hadi zinavimbiwa mafuta. Lehemu inayozidi huganda kuwa fuwele ndogo zenye ncha, na fuwele hizo huamsha interlukini-1, nayo huita interlukini-6, nayo huliamuru ini kutoa CRP. Utando uliojengeka hapo ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huziba. Kwa hiyo lehemu na inflamesheni ni ugonjwa mmoja, na anayeuliza kipi kinaziba mshipa ameuliza vibaya.

Dawa ya kupunguza lehemu, statini, ilitoka kwenye kuvu. Akira Endo, mkemia wa kampuni ya Sankyo huko Japani, alianza mwaka 1971 kupekua aina za kuvu, zaidi ya 6,000, akiamini kwamba baadhi yao hujilinda kwa kuzuia vijidudu wengine wasitengeneze mafuta wanayoyahitaji. Mwaka 1973 alipata alichokitafuta katika Penicillium citrinum, kuvu ya kijani-bluu iliyoota kwenye mchele huko Kyoto. Statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, iliingia sokoni mwaka 1987. Statini zote hufunga kimeng'enya kimoja ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, huzivuta LDL kutoka kwenye damu.

Lakini njia ile ya kutengeneza lehemu ina matawi. Katikati yake hutoka vipande vya mafuta ambavyo protini kadhaa hujishikiza navyo kwenye utando wa seli ili zipokee amri, zikiwemo protini zinazoziambia chembe nyeupe zihame na kushambulia. Statini ikiziba njia juu, matawi nayo hukauka. Maabara chembe nyeupe huonekana kupoa, na ukuta wa ateri hutoa gesi zaidi ya kuutanua mshipa. Matokeo hayo yanapendeza, ila mara nyingi watafiti humwaga kwenye kisahani dawa nyingi kuliko itakayofika kwenye damu ya mgonjwa yeyote.

Swali basi ni hili: je, statini inamwagia moto maji, au inaondoa kuni tu?

Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la JUPITER, chini ya Paul Ridker wa Boston, lililowapa rosuvastatini au kidonge kisicho na dawa watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu ila CRP yao ilikuwa juu. CRP ilishuka kwa asilimia 37, na mishtuko ya moyo, viharusi na matukio ya aina hiyo kwa asilimia 44. Wengi walishangilia. Lakini LDL nayo ilikuwa imeshuka kwa nusu, hivyo jaribio halikuweza kutenganisha hayo mawili. Ithibati kwamba inflamesheni yenyewe ina hatia ilikuja mwaka 2017, na haikutokana na statini. Katika jaribio la CANTOS, dawa ya sindano inayozuia interlukini-1, isiyogusa LDL kabisa, ilipunguza matukio kwa asilimia 15. Ilileta pia vifo zaidi vya maambukizi. Kuizima kinga hovyo mahali penye kifua kikuu si jambo la kujaribiwa.

Ndipo yalipokuja matokeo ya jaribio la REPRIEVE, mwaka 2023. WAVIU 7,769 wa miaka 40 hadi 75 kutoka nchi 12, Uganda ikiwamo, walipewa pitavastatini miligramu 4 kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano hivi, matukio ya moyo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 35. LDL ilikuwa imeshuka kutoka miligramu 107 hadi 74 kwa desilita, na kwa kanuni ya majaribio ya zamani kushuka huko kungeleta nafuu ya asilimia 20 hivi. Ziada imetoka wapi? Wapo wanaojibu papo hapo: inflamesheni. Mimi ningesita. Hesabu ya jaribio lenyewe inaruhusu nafuu ya kweli kuwa popote kati ya asilimia 10 na 52, na 20 imo humo. Utafiti mdogo ndani ya jaribio hilo uliona utando laini wa ateri ukipungua pamoja na LDL iliyoharibika, yaani ile hasa inayoichokoza kinga. Kwangu hizo ni kuni zilizoondolewa. Maji, kama yapo, ni kidogo.

Wagonjwa mahututi wa mapafu yaliyoshambuliwa na inflamesheni kali walijaribiwa kwa statini, na majaribio mawili makubwa ya mwaka 2014 hayakuona faida. Penye moto usiotokana na lehemu, kidonge hiki hakina cha kuondoa. Anayeshauriwa akimeze kwa ajili ya maumivu ya viungo ameshauriwa vibaya.

Mwenye VVU aliyefikisha miaka 40 ana sababu ya kuuliza CTC kuhusu statini, hata kama lehemu yake haitishi. Misuli huuma kwa wachache, sukari hupanda kwa wachache pia, na mjamzito kwa kawaida hapewi. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanatumia sasa, haigombani na statini. Simvastatini haichanganywi kamwe na ritonaviri, iliyomo kwenye dawa za wengi waliohamishiwa mstari wa pili wa ARV: ritonaviri hulizuia ini kuivunja, ikajaa kwenye damu hadi kuyeyusha misuli na kuua figo. Kwa hao kadi ya CTC isomwe kabla cheti cha statini hakijaandikwa, na anayenunua dukani aitaje ARV yake kwa jina.