Jua Likizama Buhinyuza, GPS Huyumba

Kwenye vilima vya Buhinyuza, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, shamba la familia mara nyingi halifiki hekta moja, na migogoro ya ardhi ni miongoni mwa kesi zinazojaza mahakama za Burundi. Mpimaji akija na GPS ya mkononi, kosa la mita 10 laweza kuihamishia migomba ya mtu kwa jirani yake. Na kosa hilo huenda lisiwe la mpimaji wala la kifaa. Huenda limetoka angani, na Burundi imekaa pabaya kwa jambo hilo.

Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikitangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi hupima mawimbi yametumia muda gani njiani, kisha hukokotoa umbali. Muda ukikosewa kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali hupotoka kwa sentimita 30. Kwa hiyo chochote kinachoyachelewesha mawimbi, hata kidogo, huku chini huhesabiwa kwa mita.

Mcheleweshaji mkuu ni ionosfia, tabaka la juu la angahewa ambamo miale ya jua imezipokonya atomi elektroni zake. Wengi hudhani vurugu zake ni za nchi za baridi kwenye ncha za dunia. Kumbe tropiki nayo ina zake. Ikweta ya sumaku haipiti Kenya wala Uganda, hukatiza Ethiopia. Mchana elektroni huinuliwa juu ya mstari huo, kisha huteremka pande zote mbili na kurundikana nyuzi zipatazo 15 kaskazini na kusini yake. Burundi iko karibu na rundo la kusini. Katika miaka ambayo jua limechachamaa, ucheleweshaji wa alasiri huweza kuzidi mita 10, na masahihisho yanayotangazwa na GPS yenyewe huondoa takriban nusu tu.

Usiku una balaa lake.

Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia hufifia haraka huku ya juu ikibaki nzito. Gesi nyepesi iliyonaswa chini hupanda kwa nguvu, kama mafuta yaliyozamishwa majini, na kuacha mapovu makubwa. Mawimbi yakipita humo humetameta, na kipokezi huweza kupoteza setilaiti moja baada ya nyingine. Hali hii hutokea zaidi kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, hasa karibu na Machi na Septemba. Watafiti wameifuatilia ionosfia ya ukanda huu kwa vipokezi vilivyosimikwa Nairobi, Kampala, Mbarara, Kigali na Malindi.

Mara nyingine jua hutibua dunia nzima. Tarehe 10 Mei 2024 ilizuka dhoruba ya sumaku iliyofikia daraja la juu kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2003. Huko Marekani, katikati ya msimu wa kupanda, wakulima walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS.

Binadamu naye huchangia. Mawimbi ya setilaiti yakifika ardhini hayana hata sehemu moja ya trilioni ya wati, hivyo mtambo mdogo huweza kuyazima. Januari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilieleza wasiwasi kuhusu kuvurugwa na kughushiwa kwa GPS huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa manufaa ya operesheni za waasi wa M23, likitaja hatari kwa ndege za kiraia. Ikivurugwa, rubani huona kifaa kimepofuka. Ikighushiwa, kifaa humwonyesha mahali pasipo pake bila kusita.

Dawa ya ucheleweshaji wa ionosfia ipo: kupokea masafa mawili kwa pamoja. Ionosfia hukawiza zaidi masafa ya chini, na tofauti hiyo hufichua kiasi cha kosa. Simu ya Xiaomi Mi 8 ilileta uwezo huo mikononi mwa watu mwaka 2018. Mpimaji wa mipaka huongeza kipokezi cha pili juu ya alama inayojulikana karibu na shamba. Kwa kuwa vyote viwili viko chini ya anga lilelile, kosa la kimoja husahihisha la kingine. Mapovu ya usiku hayatibiki kirahisi hivyo, na kazi ya mpaka inafaa kufanywa asubuhi.