Ishango: pwani, wavuvi na urithi wa dunia vilivyo mlangoni petu

BENI/BUTEMBO – Kwenye simu za vijana wetu, picha za visiwa vya Ugiriki hupita kila siku: nyumba nyeupe juu ya mlima, maji ya buluu, mashua za wavuvi, na nguzo za mawe za zamani. Wengi huuliza tiketi ya ndege ni bei gani. Wachache ndio wanajua kwamba hapa tarafani Beni, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Edward, kuna mahali penye pwani, wavuvi na historia ya kale inayosomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Mahali hapo panaitwa Ishango.

Kuna hata maji yanayounganisha sehemu hizo mbili. Mto Semliki unaanzia Ishango, pale ziwa linapomwaga maji yake. Unapita chini ya milima ya Ruwenzori, unaingia Ziwa Albert, na maji hayo yanafuata Nile mpaka Misri. Huko yanaingia Bahari ya Mediterania, bahari ile ile ya visiwa vya Ugiriki. Maji yetu yamefika huko zamani sana. Sisi wenyewe hata Ishango hatujafika.

Kutoka baridi ya Kyondo mpaka joto la ziwa

Anayetoka Butembo hupitia Kyondo, katika usultani wa Bashu, kisha anateremka kuelekea Kyavinyonge. Kyondo ni mahali pa baridi, watu huvaa koti hata saa sita za mchana. Baada ya hapo barabara inaanza kushuka kwa makona, na kila kona joto linaongezeka. Motari mwenye uzoefu huzima mazungumzo hapo na kushika breki. Mara mlima unafunguka na ziwa linaonekana chini, pana, bila ng'ambo ya kuonekana vizuri siku ya ukungu.

Ziwa hilo limebadilishwa jina mara nyingi na watu wasioishi kando yake. Henry Morton Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza mwaka 1889. Wakati wa Mobutu, mwaka 1973, lilipewa jina la Idi Amin, na alipoanguka mwaka 1979 jina hilo likaanguka naye. Sehemu kubwa ya ziwa iko Kongo, nyingine iko Uganda.

Kyavinyonge ni moja kati ya vijiji vitatu vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria upande wetu, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma tarafani Rutshuru. Asubuhi mitumbwi inapogonga mchanga, akina mama wanakuwa wamekwisha kusimama majini na mabeseni. Tilapia wanahesabiwa haraka, kwa mikono miwili, na kupangwa mafungu. Wengine wanapasuliwa, wanatiwa chumvi na kuanikwa juani. Jioni samaki hao wako sokoni Butembo, na siku zinazofuata wako Beni na mbali zaidi. Familia nyingi za Grand Nord zimesomesha watoto kwa fedha ya mafungu hayo.

Lakini kila anayeishi kando ya ziwa atakuambia kwamba samaki wamepungua. Nyavu zenye matundu madogo zinabeba hata watoto wa samaki. Mitumbwi isiyo na kibali imezidi, na sehemu ambapo samaki hutaga mayai zinavuliwa kama kwingine. Viboko nao wamepungua, na jambo hilo linahusu sahani yetu kuliko tunavyodhani, kwa sababu kinyesi chao kinarutubisha maji na kulisha viumbe wadogo wanaoliwa na samaki. Katika miaka ya 1970 mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25.000. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1.000. Vita, silaha na soko la nyama na meno ndivyo vilivyowamaliza.

Mchanga wa Ishango

Mashariki ya Kyavinyonge, ndani ya mbuga, ndipo Ishango ilipo. Ni kilima chenye majani mafupi, kinachoangalia mahali ambapo ziwa linakuwa mto. Chini yake kuna mchanga na maji matulivu. Viboko hulala humo mchana, migongo ikionekana kama mawe, na usiku hupanda kula majani. Ndege wa maji ni wengi. Kuna wanaokaa mwaka mzima, na kuna wanaotoka Ulaya na mpaka Siberia kukimbia baridi. Ukiwa na bahati ya siku isiyo na mawingu, unaona Ruwenzori upande wa kaskazini.

Mbuga hii iliundwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, na ndiyo mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1994 ikaiweka pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka humo.

Mfupa wenye mikato 168

Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba kwenye kilima hiki. Alitoa ardhini mawe yaliyochongwa, mifupa ya samaki na wanyama, mabaki ya watu, na vichwa vya mikuki ya kuvulia vilivyochongwa kwa mfupa vikiwa na meno pembeni. Alikuta kwamba wavuvi walikuwa wameishi hapo zamani sana. Katika vitu hivyo kulikuwa na mfupa mdogo, wenye urefu wa sentimita 10 hivi, na kipande cha jiwe la kwatzi kimeshikizwa kwenye ncha yake.

Mfupa huo umekatwa alama ndogo ndogo katika safu tatu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Ukijumlisha unapata 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, na jumla yake pia ni 60. Safu ya katikati ina mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48. Zote pamoja ni mikato 168. Wataalamu wanaupa umri wa miaka 20.000 hivi.

Tangu hapo wasomi wanabishana. De Heinzelin aliona mchezo wa hesabu: katika safu ya katikati 3 inafuatwa na 6, na 4 inafuatwa na 8, kama mtu anayezidisha kwa mbili. Wengine walishangazwa na 11, 13, 17 na 19, kwa sababu hizo ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi, kwa kuwa 60 ni karibu na siku za miezi miwili ya angani. Wapo pia wanaosema tuwe waangalifu, labda mikato hiyo ilisaidia mkono kushika tu, na sisi ndio tunaoiona hesabu.

Ubishi huo haujaisha, lakini mfupa wa Ishango unatajwa karibu kila mahali panapofundishwa historia ya hesabu. Mwanafunzi wa Japani au Brazil anaweza kuliona jina la kijiji cha tarafa ya Beni katika kitabu chake, huku wa Oicha, Mutwanga au Butembo akimaliza shule ya sekondari bila kulisikia.

Na Ishango haiko peke yake. Mahali panapoitwa Katanda, kando ya Semliki, wachunguzi Alison Brooks na John Yellen walikuta mwishoni mwa miaka ya 1980 vichwa vya mikuki ya uvuvi vya mfupa, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba vina umri wa miaka 80.000 au zaidi. Habari hiyo iliwashtua wengi, kwa sababu Ulaya vitu vya ufundi kama huo vilianza kuonekana makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Anayevua kambale leo Kyavinyonge anafanya kazi ambayo bonde hili linaijua tangu wakati huo.

Wagiriki walivyofanya

Mfupa wenyewe hauko Ishango, wala Beni, wala Kinshasa. Uko Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji.

Hapa ndipo Ugiriki inaweza kutufundisha kitu. Katika kisiwa cha Santorini kuna mji wa kale uitwao Akrotiri, uliofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3.500 iliyopita. Wagiriki waliuchimba, wakajenga paa juu yake, na leo mgeni analipa kuingia. Anayekuja kwa ajili ya bahari anaondoka amejifunza historia, na kijiji kimeuza chakula na malazi. Wagiriki pia wanadai michongo ya Parthenon, iliyobebwa na Lord Elgin kuanzia mwaka 1801 na ambayo iko London. Hawakudai kwa maneno tu. Mwaka 2009 walifungua jumba jipya la makumbusho mjini Athens, na humo wakaacha nafasi ya michongo hiyo.

Kwa upande wetu, mlango umeanza kufunguka kidogo. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikabidhi mjini Kinshasa kinyago cha Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mwezi uliofuata Ubelgiji ilipitisha sheria inayoruhusu mazungumzo kuhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Kinshasa ina makumbusho ya taifa mapya tangu mwaka 2019. Lakini kati ya Kinshasa na Ishango kuna nchi nzima. Mfupa ukirudi kesho, mtoto wa Kyavinyonge atauona wapi?

Kinachofunga njia

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua. Barabara ya Beni–Kasindi, ambayo ndiyo njia ya kufika Ishango kutoka Beni, imemwagikiwa damu na waasi wa ADF kwa miaka. Kuna wakati magari hayakupita bila kusindikizwa na wanajeshi. Kazi ya kuitengeneza barabara hiyo ilizinduliwa Juni 2021 na marais wa Kongo na Uganda, lakini lami bila usalama haileti mgeni. Ziwani nako kuna makundi yenye silaha, na wavuvi wetu hukamatwa mara kwa mara na wanajeshi wa Uganda kwa kosa la kuvuka mpaka ambao hauna alama juu ya maji.

Sababu ya pili ni uhusiano mgumu kati ya mbuga na wakaaji. Kwa mvuvi aliyenyang'anywa mtumbwi au mkulima aliyefukuzwa shambani, neno "urithi" lina sauti ya marufuku. Walinzi nao wamezika wenzao wengi. Urithi wa dunia ambao jirani yake hapati kitu hauwezi kulindwa kwa bunduki peke yake. Kyavinyonge ikipata hata sehemu ndogo ya fedha ya wageni, kijana wa kuongoza watalii na mama wa kupika tilapia watakuwa walinzi wengine, wasio na silaha.

Cha kuanza nacho

Vita havitaisha kwa makala. Hata hivyo kuna mambo yasiyongoja mwisho wa vita. Mwalimu wa hesabu anaweza kuandika ubaoni safu tatu za Ishango kesho asubuhi na kuwaacha wanafunzi watafute siri yake, kwani hazihitaji vifaa. Vyuo vikuu vya Butembo na Beni vinaweza kuomba nakala ya mfupa na kuiweka mahali ambapo watu wataiona bure. Redio zetu zinaweza kuwarekodi wazee wa ziwa kabla hawajaondoka na wanayoyajua. Na siku njia itakapokuwa salama, safari ya kwanza iwe ya wanafunzi wetu, kabla ya mtalii wa kigeni.

Asubuhi ile Kyavinyonge, mama mmoja alikuwa akipanga tilapia juu ya turubai, akikata alama kwa ncha ya kisu kwenye kijiti kila fungu lilipotimia. Nilimuuliza kwa nini haandiki kwenye daftari. Alisema daftari linalowa.