Ukipanda matunguu katika tangi la samaki, chunga mikono yako

SI ajabu siku hizi kuingia sebuleni kwa jamaa mjini Nakuru, Eldoret au Nairobi ukakuta tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi mbalimbali. Wapenzi wa samaki huongeza mimea ya majini inayoota kutokana na matunguu, yaani vitu vinavyofanana na kitunguu au kiazi kidogo. Ni pambo zuri, na wengi husema kuwa kulitazama jioni huwapunguzia uchovu wa kazi. Hata hivyo, pambo hili lina masharti yake ya afya.

Mwalimu mmoja alifika katika kliniki yangu hapa Sachangwan akiwa na kidonda kwenye kidole cha shahada. Kilianza kama kipele kidogo. Baada ya wiki kadhaa, vivimbe vingine vitatu vilijitokeza mkononi, vikafuatana kuelekea kwenye kiwiko kama shanga katika uzi. Hakuwa na homa wala maumivu makali. Alikuwa amemaliza dozi mbili za amoksilini na kupaka krimu ya mwasho aliyonunua mwenyewe. Miezi miwili ilikuwa imepita bila nafuu.

Nilimwuliza kama amedungwa na mwiba shambani au kuumwa na mnyama. Akajibu la. Nilikuwa karibu kumwandikia dawa nyingine ya kawaida, mkewe aliyemsindikiza aliposema: “Daktari, huyu kila Jumamosi mkono wake umo ndani ya maji ya samaki. Juzi alijikata akipanda vile vitunguu vyake.”

Maneno hayo yalibadilisha matibabu yote.

Jamaa wa kifua kikuu

Kiini kinachosababisha ugonjwa huu huitwa Mycobacterium marinum. Ni wa ukoo mmoja na viini vya kifua kikuu na ukoma, lakini makao yake ni majini na katika miili ya samaki. Kiligunduliwa mwaka wa 1926 na mtafiti Joseph Aronson katika samaki waliokufa kwenye jumba la maonyesho ya samaki mjini Philadelphia, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa Sweden walikikuta katika vidonda vya watu waliochubuka kwenye bwawa la kuogelea. Siku hizi wagonjwa wengi ni watu wanaofuga samaki nyumbani au kufanya kazi ya samaki.

Kiini hiki hakiwezi kupenya ngozi iliyo nzima. Huingia kupitia mkato au mchubuko, hata ule mdogo usiouona. Kipele hutokea baada ya wiki mbili hadi nne hivi, wakati mwingine baadaye zaidi, na ndiyo maana mgonjwa huwa amekwisha kusahau siku aliyojikata.

Hustawi zaidi katika joto la digrii 30 hivi. Joto la ndani ya mwili, digrii 37, hakilipendi. Kwa hiyo hubaki katika sehemu zenye ubaridi kama vile vidole, mikono na viwiko. Maabara nazo zikiotesha sampuli katika joto la digrii 37, kama zinavyofanya kwa kifua kikuu, huenda zisione kitu. Daktari hana budi kuiambia maabara anachotafuta. Kwa kawaida kipande kidogo cha ngozi hukatwa na kupimwa.

Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, na hutibika. Dawa kama klarithromaisini, doksisaiklini, rifampisini na ethambutoli hutumika, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Amoksilini haikisumbui. Krimu zenye steroidi huweza kuzidisha kidonda kwa kuwa hudhoofisha kinga ya ngozi. Wenye kisukari, virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa, au wanaotumia dawa za kupunguza kinga wako katika hatari zaidi, kwani kiini huweza kufika kwenye viungo na mifupa.

Kupanda kwa usalama

Sachangwan iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu ni wa baridi kali. Matunguu mengi yanayouzwa ni ya nchi za joto, na huhitaji maji ya digrii 22 hadi 28. Wengi hutumia hita ndogo ya umeme. Hapa ndipo penye sharti la kwanza: zima stima na uchomoe waya kabla ya kutia mkono majini.

Chagua tunguu gumu lisilonuka. Lisuuze kwa maji safi, kisha liweke juu ya changarawe au ulizike nusu tu. Ukilifukia lote huoza. Likielea, liache siku chache hadi lilowe na kuzama. Machipukizi huonekana baada ya wiki moja hadi tatu. Likilainika na kutoa harufu mbaya, litoe mara moja, kwani tunguu linalooza huchafua maji na kuua samaki, na samaki aliyekufa huongeza viini.

Ukiloweka matunguu kwenye beseni lisilo na samaki, lifunike na kubadilisha maji mara kwa mara. La sivyo utakuwa unafuga mbu.

Vaa glavu ndefu za mpira unapofanya kazi hiyo. Ukiwa na kidonda mkononi, mwachie mtu mwingine. Usivute maji kwa mdomo kupitia mpira wa kumwagia, wala usisafishe vyombo vya tangi katika sinki la jikoni. Ukimaliza, nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Watoto wadogo wasichezee maji hayo, kwa kuwa huweza pia kuwa na salmonela, viini vinavyoleta kuhara.

Jambo lingine ambalo watu hulipuuza: baadhi ya matunguu haya ni sumu. Mimea ya jamii ya Crinum ina tunguu linalofanana kabisa na kitunguu cha jikoni, nalo likiliwa huleta kutapika na kuhara. Usiyaweke karibu na vyakula, na mweleze kila anayepika nyumbani mwako.

Usichume ziwani, usitupe mtoni

Wako wanaosafiri hadi Kisumu na kurudi na mimea waliyochuma ufuoni mwa Ziwa Victoria. Tabia hii ni hatari. Konokono wanaojificha kwenye majani huweza kubeba kichocho, na konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa viini hivyo hata akiwa ndani ya tangi lako. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, na ukague upande wa chini wa majani kama kuna mayai yanayofanana na utelezi.

Vilevile, usitupe mimea ya tangi mtoni wala kwenye bwawa. Ziwa Naivasha ni funzo tosha kwetu. Yungiyungi wa buluu, ambao huota kutokana na matunguu yaliyomo matopeni, walikuwa wamefunika sehemu za ziwa hilo. Kamba wa Louisiana waliletwa humo mwaka wa 1970, wakawala hadi wakatoweka. Gugumaji nalo, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, lilifika Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980. Panapozibwa na magugu, konokono na mbu hupata maficho.

Umwone daktari lini?

Kipele au kidonda cha mkono kisichopona kwa wiki tatu kionyeshwe daktari, hasa kama vivimbe vingine vinapanda mkononi. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Na usingoje kuulizwa: mwambie daktari wako kwamba unafuga samaki au unapanda mimea ya majini. Sentensi hiyo moja inaweza kukuokolea miezi ya kutibiwa maradhi usiyokuwa nayo.

Mwalimu wetu alitumia dawa kwa miezi minne, na kidole chake kikapona, ingawa kovu lipo. Samaki wake hakuwauza. Tangi bado liko sebuleni, matunguu yake yamechipua, na glavu zimetundikwa kando yake kwenye msumari.